Uvimbe umeondoka, macho yamerudi, lakini mimi bado sijarudi

BARUA YA MSOMAJI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 37, naishi Tanga, na kazi yangu ni kupika vitumbua na chai na kuviuza asubuhi barazani kwetu. Nimesoma safu yako kwa muda mrefu bila kuandika, kwa sababu nilidhani mwenye haki ya kuuliza ni mgonjwa, na mimi nimekwisha kuambiwa kwamba nimepona.

Mwaka jana nilianza kugonga miimo ya milango kwa bega. Bodaboda zilikuwa zikinitokea ubavuni kama zimechomoza ardhini, na wateja waliosimama pembeni mwa meza walilalamika kuwa nawapuuza. Nilibadilishiwa miwani mara mbili bila nafuu, hadi daktari mmoja wa macho aliponifunika jicho moja moja na kunitaka nihesabu vidole vyake alivyokuwa akivipitisha pembeni, kisha akaandika barua ya rufaa ya Dar es Salaam siku hiyohiyo. Kipimo cha MRI kilionyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari, chini kidogo ya neva za macho. Niliambiwa kuwa si saratani, na kwamba utatolewa kwa kamera kupitia puani bila kufungua fuvu. Nilipasuliwa miezi minne iliyopita. Siku ya pili niliona kuta zote mbili za wodi kwa mara moja, nikalia kwa furaha.

Furaha hiyo haikukaa. Wiki ya kwanza niliyorudi jikoni niliponda hiliki, nikasogeza kinu puani kama nilivyozoea, na sikusikia kitu. Nikadhani ni hiliki za zamani, nikamtuma binti yangu akanunue nyingine. Aliporudi, mdogo wake aliisikia harufu tangu mlangoni, na mimi nilikuwa nimezishika kiganjani siisikii. Tangu siku hiyo chai ni maji ya moto yenye sukari, na samaki wa kupaka ni kitu laini chenye chumvi. Mwezi uliopita niliunguza tui hadi moshi ukatoka dirishani, na aliyenishtua ni jirani.

Puani hunitoka vigaga vikubwa vya kijani. Uvundo wake mimi siusikii, ila mdogo wangu wa kike aliniambia kwa upole kwamba upo. Tangu aniambie, usiku nalala nimeuelekea ukuta, na mume wangu anadhani nimemkasirikia. Kwenye shughuli za harusi sikai tena na wenzangu. Nikienda, nakaa ukumbini nyuma na mtandio mdomoni.

Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikiinuka haraka kwenye kigoda nasikia kizunguzungu, kichefuchefu hunijia, na chakula sikitamani. Hedhi haijarudi tangu kabla ya upasuaji, ingawa hilo sikulitilia maanani kwa kuwa watoto ninao. Vidonge nilivyopewa wakati wa kutoka hospitali vilikwisha baada ya mwezi mmoja. Kliniki iliyofuata ilikuwa na foleni ndefu. Daktari alitazama picha, akasema uvimbe haupo, nimepona, nirudi baada ya miezi sita.

Nikilalamika, mama mkwe wangu husema nimshukuru Mungu, kwani wenzangu walirudi ndani ya sanda. Naogopa kwamba ana haki. Je, harufu itarudi? Je, ninakosa shukrani? Tena nimeacha kupandisha maji puani wakati wa udhu kwa hofu, na moyo haujatulia kwa hilo pia.

Muuza vitumbua, Tanga


JIBU

Marahaba, dada yangu.

Umeniuliza kuhusu pua, nami nitaijibu kwa urefu inaostahili. Lakini katika barua yako kuna mistari mitatu uliyoipitia mbio, na kwa ajili ya mistari hiyo nimeitanguliza barua yako mbele ya nyingine zilizofika kabla. Umesema kwamba vidonge vilikwisha baada ya mwezi, kwamba unaona kizunguzungu ukiinuka huku ukiwa na kichefuchefu na uchovu wa asubuhi, na kwamba hedhi haijarudi. Kwa mtu mwingine mambo hayo yangeweza kuwa na sababu kumi tofauti. Kwa mtu ambaye tezi yake ya pituitari imebanwa na uvimbe, kisha ikaguswa na mpasuaji, ni lazima yahesabiwe kuwa dalili za tezi isiyofanya kazi yake mpaka vipimo vikatae.

Tezi hiyo haizidi ukubwa wa njegere, lakini ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine. Hutuma homoni kwenye tezi zilizo juu ya figo ili zitoe kotisoli, ambayo hushikilia shinikizo la damu na sukari na humpa mtu nguvu ya kuinuka asubuhi. Hutuma nyingine kwenye tezi ya shingoni inayoendesha joto na kasi ya mwili, na nyingine kwenye ovari, na ndiyo maana ikilegea hedhi hukatika. Uvimbe unapokua ndani ya nafasi ndogo kama ile, huweza kuziharibu chembe za tezi hiyo zinazotengeneza homoni kabla hata ya kufika kwenye neva za macho, na upasuaji uliofanyika vizuri kabisa huweza kuziacha zimelala kwa muda au moja kwa moja. Hivyo picha ya MRI isiyoonyesha uvimbe imejibu swali moja tu. Haiwezi kusema ni homoni kiasi gani iliyomo katika damu yako.

Wagonjwa wengi wanaotoka hospitali baada ya upasuaji huu hupewa vidonge vya haidrokotisoni au prednisoloni vya kuziba pengo la kotisoli hadi watakapopimwa. Sijui kama vyako vilikuwa hivyo, kwa hiyo tafuta karatasi ya ruhusa ya hospitali au pakiti tupu, uisome. Kama ndivyo, vilikwisha bila mtu kupima kama mwili wako unaweza kujitegemea, na miezi mitatu umekuwa ukitembea juu ya daraja ambalo hakuna aliyelikagua. Kwa sababu hiyo usisubiri miezi sita. Nenda wiki hii katika hospitali ya mkoa ukiwa na karatasi zako zote, umweleze daktari maneno haya: nilitolewa uvimbe wa pituitari, ninaona kizunguzungu na kichefuchefu, naomba nipimwe kotisoli ya asubuhi. Damu hiyo huchukuliwa mnamo saa mbili asubuhi, kwa sababu kotisoli huwa juu wakati huo na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Waombe pia wapime sodiamu, yaani chumvi ya damu, prolaktini, yaani homoni ya maziwa, na homoni za ovari, na kwa upande wa tezi ya shingo wasipime TSH peke yake. TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo, hutoka kwenye pituitari yenyewe, kwa hiyo ikiwa pituitari ndiyo mgonjwa, kipimo hicho huweza kuonekana sawa huku tezi ya shingo ikiwa imezembea. Kinachohitajika pamoja nacho ni T4 huru, yaani thairoksini, homoni inayotolewa na tezi ya shingo yenyewe. Na ikigundulika kwamba vyote viwili, kotisoli na homoni ya shingo, vimepungua, kotisoli ndiyo hurudishwa kwanza, kwa kuwa thairoksini ikitangulia huweza kumwangusha mgonjwa.

Kabla ya kufika huko, ukipatwa na homa kali, ukitapika mfululizo, ukizimia au ukaanza kusema mambo yasiyoeleweka, usingoje kupambazuke. Anayekupeleka idara ya dharura aseme mlangoni kwamba ulipasuliwa pituitari na huenda mwili wako hauna kotisoli, kwa sababu sindano ya haidrokotisoni ikichomwa mapema huokoa maisha. Ukija kuandikiwa vidonge hivyo, fahamu kwamba havikatizwi ghafla hata siku moja, kwamba ukiugua homa dozi huongezwa kama daktari atakavyokuelekeza, na kwamba suala la kufunga Ramadhani ni la kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani mwenye upungufu wa kotisoli akikaa siku nzima bila dawa wala maji anaweza kudhurika vibaya. Mume wako na binti yako mkubwa wayajue haya pia.

Nimelitanguliza hilo, na kwa kweli ningependa uache kusoma hapa, upange safari, kisha uendelee.

Sasa pua. Njia ya kuufikia uvimbe wa pituitari kupitia puani ina zaidi ya miaka 100; upasuaji wa kwanza uliofaulu ulifanywa na Hermann Schloffer huko Innsbruck, Austria, mwaka 1907, na wakati huo ilibidi pua igeuzwe pembeni kwa kisu. Kamera nyembamba ya endoskopu ilipoanza kutumika kwa kazi hii katika miaka ya 1990, mgonjwa aliondokewa na kovu usoni, na mpasuaji akaona kwa ukaribu asioupata kwa macho matupu. Kwa sababu hakuna kovu linaloonekana, watu wa nyumbani huamini kwamba hakuna kilichokatwa. Lakini kilikatwa. Ili kamera na vyombo vipite pamoja, husogezwa nyama za ndani ya pua, hutolewa sehemu ya nyuma ya ukuta unaozigawa tundu mbili, na hufunguliwa uwazi ulio nyuma kabisa ya pua, ambao juu ya dari lake tezi ya pituitari imekaa. Mara nyingine mpasuaji huchukua utando wa ukuta huo wa pua ukiwa bado na mshipa wake wa damu na kuufunika juu ya tundu, mbinu iliyoelezwa na madaktari wa Argentina na Marekani mwaka 2006, ili maji yanayouzunguka ubongo yasivuje. Mbinu hiyo imewakinga wagonjwa wengi na homa ya uti wa mgongo. Gharama yake ni kwamba pale utando ulipotolewa hubaki kidonda kitupu, na kidonda cha namna hiyo huenda ndicho kinachotengeneza vigaga vyako.

Madaktari walichukua muda mrefu kuhesabu gharama hiyo. Kwa miaka mingi walipima matokeo kwa uvimbe uliotoka, macho yaliyorudi na mgonjwa aliyetoka hai, na yote hayo ni ya haki kupimwa. Baadaye wakaanza kuwauliza wagonjwa wenyewe wanaishije, na jibu lililojirudia ni kwamba hali ya pua huwa mbaya zaidi katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji kuliko ilivyokuwa kabla yake, kisha wengi huanza kurejea walikokuwa katika muda wa miezi mitatu hivi. Vigaga huchukua takriban muda huohuo kwa wengi, na kwa waliotolewa utando huweza kuzidi. Wewe uko mwezi wa nne. Hujatoka nje ya njia ya kawaida, lakini vigaga vya kijani vyenye uvundo katika mwezi wa nne havipaswi kuachwa vijiponye. Vinataka daktari wa masikio, pua na koo aingize kamera, avisafishe, na aangalie kama kuna maambukizi ndani ya zile nafasi zilizofunguliwa. Tafadhali usinunue antibayotiki dukani kwa kukisia, kwani mara nyingi kusafishwa vizuri mara moja hufanya kazi ambayo dawa ya wiki mbili haiwezi.

Nyumbani, dawa yako kubwa ni maji ya chumvi, na nashangaa jinsi wagonjwa wengi wanavyorudi makwao bila kuelekezwa namna ya kuyatengeneza. Chemsha nusu lita ya maji, uyafunike yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa ubapa wa kisu, pamoja na nusu kijiko cha soda ya kuokea. Nasema soda ya kuokea, ile unayotia kwenye keki. Usitumie magadi ya kuchemshia maharage, kwani hayo yataunguza utando unaojaribu kupona. Nunua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, inama juu ya beseni, fungua mdomo, na sukuma maji polepole kwenye tundu moja yatokee kwenye nyingine. Fanya hivyo asubuhi na jioni, na mara ya tatu siku ambayo vumbi au moshi wa jikoni umekuwa mwingi. Vigaga vitalainika na kutoka vyenyewe, wala usivibandue kwa kidole hata kama kimoja kimening'inia, kwa sababu chini yake kuna ngozi changa. Usijifukize kwa mvuke wa majani, wala usimruhusu mtu akutie mafuta ya aina yoyote puani. Maji yaliyobaki yamwage kila usiku, na bomba lioshwe likauke.

Ukiona maji meupe, mepesi kama ya bomba, yanadondoka kutoka tundu moja unapoinama kukamua nazi, hasa yakiwa na ladha ya chumvi kooni na kichwa kinauma, acha kusafisha na urudi hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni maji ya ubongo yanayovuja. Homa pamoja na shingo kukakamaa ni dharura. Hukuyataja haya, na nimefarijika kwamba hukuyataja.

Kuhusu harufu, nitakujibu bila kukupamba. Nyuzi za neva ya harufu zinashuka kupitia matundu madogo ya mfupa ulio juu kabisa ndani ya pua na kutandazwa kwenye kipande kidogo cha utando. Wapasuaji hujitahidi kukiacha kipande hicho cha juu bila kukigusa, lakini kikivimba, kikifunikwa na vigaga au kikijeruhiwa, harufu hukatika. Ikiwa njia ya hewa kwenda juu imezibwa tu, harufu hurejea pua inaposafika. Ikiwa nyuzi zenyewe zimeumia, zina uwezo wa kuota upya, polepole sana, kwa miezi na pengine zaidi ya mwaka. Wapo wanaorudishiwa yote, wapo wanaorudishiwa kidogo, na wapo wachache ambao haiwarudii. Daktari wa pua akishaondoa vigaga na kutazama juu ataweza kukuambia uko katika kundi lipi kwa uhakika zaidi yangu.

Lipo zoezi ambalo ningekutaka ulianze hata kabla ya kumwona. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliandika juu ya watu waliopoteza harufu ambao walinusa vitu vinne mara mbili kwa siku kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya zoezi walipata nafuu zaidi kuliko ambao hawakulifanya. Watu hao walipoteza harufu kwa virusi, kwa kuumia kichwa au kwa sababu isiyojulikana, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba matokeo yatakuwa yaleyale kwa pua iliyopasuliwa, lakini zoezi halina madhara na madaktari wengi sasa hulitoa baada ya upasuaji pia. Vitu vyenyewe havihitaji duka la dawa. Karafuu unazo jikoni, limau lipo sokoni, majani ya mkaratusi huokotwa chini ya mti, na marashi ya waridi naamini hayakosekani katika nyumba ya Tanga. Weka kila kimoja katika kichupa chenye kifuniko. Kaa mahali penye utulivu, nusa kichupa kimoja kwa pumzi fupi fupi kwa sekunde zipatazo 10, na huku ukinusa ikumbuke kwa bidii harufu yenyewe: karafuu zilizoanikwa juani, pilau la Idi. Pumzika kidogo, kisha uende kwenye kichupa kingine. Usishtuke ikiwa harufu ya kwanza kurudi itakuwa ya ajabu, kama kitu kilichoungua au dawa. Hutokea wakati neva zinapoanza kuungana upya.

Wakati huo unangoja, jiko lako lina hatari ambayo sikutaka kuigusa juujuu. Mtu asiyesikia harufu hawezi kujua kwamba gesi inavuja. Kama unatumia mtungi, zima kwenye mtungi wenyewe kila unapomaliza, usizime kwenye jiko peke yake. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira mara kwa mara uone kama linatoa mapovu. Na kabla ya kuwasha kiberiti alfajiri, fungua dirisha na umwite mmoja wa watoto anuse. Tui, samaki na mboga zilizobaki ziandikwe siku, usizipime kwa pua. Unapochemsha kitu, usiondoke jikoni bila saa ya simu kukukumbusha.

Vitumbua vyako vinaweza kubaki vilevile ikiwa utakubali kupima kwa kijiko kile ulichokuwa ukipima kwa pua. Hiliki zipimwe kwa kijiko cha chai kwa kila kilo ya mchele, na binti yako aonje kitumbua cha kwanza kila asubuhi. Ulimi wako bado unajua utamu, chumvi, uchachu na uchungu, na mdomo bado unausikia ukali wa pilipili na tangawizi, kwa kuwa hivyo havipiti kwenye neva iliyoumia. Kwa chakula chako mwenyewe tumia ndimu, pilipili na vitu vinavyovunjika kwa meno. Mgonjwa mmoja aliniambia kwamba kilichomrudisha mezani ni kachumbari. Nakuomba ule hata bila hamu, mpaka tujue kotisoli yako ikoje.

Kwa upande wa udhu, maji ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa yasipandishwe puani kwa sasa. Katika maji matamu huweza kuwamo ameba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambayo ikifika juu ya pua huingia ubongoni. Ni nadra sana, lakini mjini Karachi, Pakistani, imekwisha kuua watu, na maji ya bomba yaliyopandishwa puani, pamoja na ya udhu, yametajwa kuwa njia yake. Pua yako ina kidonda kilicho karibu na ubongo kuliko ya mwingine. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kupandisha maji puani ni sunna na udhu hautenguki kwa kuiacha, ila mwulize sheikh wako ili moyo utulie. Daktari akiona kidonda kimepona vizuri, utairudia kwa maji yaliyochemshwa.

Umeuliza kama unakosa shukrani. Hapana, dada yangu, na naomba nikujibu kwa uzito wote nilionao. Mama mkwe wako ameona misiba, naye anazungumza kwa hofu aliyokuwa nayo ulipokuwa chumba cha upasuaji. Msamehe kwa hilo. Lakini mtu aliyepoteza harufu ya chai yake, ya watoto wake wakitoka kuoga na ya mume wake, amepoteza kitu cha kweli, na kulisema hakufuti neema ya macho. Huzuni inayofuata upotevu wa harufu inajulikana na madaktari, na kushuka kwa homoni huweza kuiongeza, kwa hiyo sehemu ya unyonge unaouita ukosefu wa shukrani huenda iko kwenye damu na inatibika kwa kidonge. Mume wako analala akiutazama mgongo wako kila usiku bila kujua sababu. Mwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia: kwamba unauogopa uvundo usioweza kuusikia. Mpe pia kazi, awe ndiye atakayekuambia kwa ukweli kila jioni baada ya kusafisha kama upo au umeondoka. Kupungua kwa hamu ya unyumba nako, ikiwa umekuona, kwatokana mara nyingi na homoni zilezile zilizosimamisha hedhi, na ni haki yako kulitaja kliniki bila haya.

Ili kliniki ijayo isipite kama iliyopita, nenda na karatasi. Lipo jedwali la maswali 22 linaloitwa SNOT-22, lililotungwa kwa wagonjwa wa pua na sinasi, yaani nafasi zenye hewa ndani ya mifupa ya uso, nalo sasa hutumika hata kwa waliopasuliwa kama wewe. Humwuliza mgonjwa juu ya kuziba kwa pua, kamasi, harufu na ladha, usingizi, uchovu, kukosa umakini, huzuni na aibu, na kila jibu hupewa namba kuanzia 0, yaani hakuna tabu, hadi 5, yaani tabu haiwezi kuzidi hapo. Waliolitunga waliona kwamba aibu na usingizi vina nafasi kwenye karatasi moja na kamasi, na naona waliona sawa. Huhitaji fomu yenyewe. Chukua daftari la hesabu la mtoto, andika tabu zako mstari kwa mstari, na kila Ijumaa uipe kila moja namba yake. Daktari mwenye foleni ya watu 60 huenda asipate nafasi ya kusikiliza hadithi yote, lakini hawezi kupita juu ya uchovu wenye 5 kwa wiki sita mfululizo.

Wiki hii, basi, ni hospitali ya mkoa na damu ya asubuhi. Baada yake, rufaa kwa daktari wa homoni na daktari wa pua, ambao mara nyingi hupatikana Dar es Salaam, na kipimo cha upana wa kuona kirudiwe huko ili kilinganishwe na cha kwanza. Omba nakala ya kila jibu, uziweke kwenye bahasha moja. Ukipata namba ya kotisoli, niandikie pamoja na kipimo cha kawaida kilichochapwa pembeni yake, kwani maabara hutofautiana, nami nitakueleza inasema nini.